Ukurasa wa Kumi na Saba

Uriri, 14 Januari 2025

Kwako nyaminwa, dada yangu Monicah,

Pokea salamu za ndugu yako ambaye bado yupo, ingawa si wote hapa wanaoamini. Linet, mke wa mwanangu, hunishika pua kila asubuhi kabla ya kumimina uji, ili uji usiharibike bure. Mbali na hayo hatujambo. Mahindi yamevunwa, mbuzi mmoja amezaa mapacha, na padre amenipaka mafuta ya wagonjwa kwa mara ya tatu. Alinitazama kwa macho ya mtu anayetumia vitu vya kanisa vibaya.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Ulipopiga Krismasi nilisikia kishindo tu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali, nikawa najibu "Amina" kila kilipokoma. Linet anasema ulikuwa unaniuliza habari za figo.

Barua hii nampa Maroa, yule Mkuria anayetoa omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay na kuzipeleka soko la Homa Bay. Pikapu yake hupita hapa kila Jumanne. Ameapa kuiweka mbele, karibu na usukani. Ikinuka, mlaumu yeye.

Sasa neno lenyewe. Daktari ameniruhusu kula chumvi. Miaka kumi alinikataza, na wiki iliyopita akaniambia, "Kula tu, Mwalimu." Mtu aliyesoma akiambiwa hivyo anaelewa. Kwa hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya msitu wetu, zile ekari tatu na nusu baba alizotuachia kuzunguka chemchemi ya mama. Wanangu wawili, wa Mombasa na wa Nakuru, wanaujua mti ukishakuwa meza. Wewe ndiye uliyebaki mwenye akili. Nataka uusimamie wewe nitakapoondoka.

Usiogope. Nitakufundisha kwa barua, hatua kwa hatua, nikifuata kile kijitabu cha kijani cha upandaji miti nilichofundishia nikiwa mwalimu mkuu. Tunaanza leo. Ukurasa wa tatu: mwenye shamba ajiulize kwanza anataka miti ya nini. Ya kuni? Nguzo? Mbao? Kivuli? Asiyejua anachotaka hupanda chochote, na chochote huota.

Nijibu kama umekubali.

Kaka yako,
Jacktone


Homa Bay, 9 Februari 2025

Kaka Jacktone,

Barua yako imefika baada ya wiki tatu. Maroa aliiweka mbele kama alivyoapa, kisha akaweka gunia la omena juu yake. Paka wetu ameipenda kuliko barua zote zilizowahi kuingia nyumba hii.

Sisi tunaendelea. Mgomba wetu ulioangushwa na upepo umeota tena. Mimi macho yamekwisha. Naona mwanga na vivuli, na mume wangu namtambua kwa kikohozi chake. Kwa hiyo barua zako anazisoma Nyangau, kwa sauti ile anayosomea Maandiko kanisani siku ya Sabato, na hizi zangu anaziandika yeye. Mimi nasema, yeye anaandika kila neno. (Kila neno. Mwandishi, Nyangau.)

Nimefurahi kwamba umenifikiria. Lakini kaka, umefikiri vizuri? Msimamizi wa msitu ni lazima aione miti. Macho yangu ni Nyangau, na Nyangau hawezi kukanyaga hapo kwetu. Labda umesahau. Mimi sijasahau. Desemba 1994, chemchemi ya mama ilipokauka, wazee walikaa baraza, wakasema ni kwa sababu mkwe ameoga juu ya maji ya mama mkwe wake, jambo ambalo mkwe mwenye heshima hafanyi. Wakakata neno: asikanyage boma lile hadi maji yarudi. Maji hayajarudi hadi leo. Mama alipozikwa mwaka 1996 nilisimama kaburini kama mjane, na mume wangu alikuwa hai, amesimama nje barabarani na suti yake, mvua inamnyeshea. (Suti haikupona. Mwandishi.)

Basi nitasimamia msitu kwa macho ya nani? Wewe ulikuwa katibu wa baraza lile. Wazee wote wamekwenda isipokuwa Maxwell. Litafutieni neno lile dawa kabla hujalala, nami nitakusimamia hata majani. Usipofanya hivyo, hayo masomo yako mfundishe Linet.

Dada yako,
Monicah


Uriri, 27 Februari 2025

Dada Monicah,

Namshukuru Mungu kwa mgomba wenu. Hapa mmoja wa wale mbuzi mapacha amekula kalenda, kwa hiyo tarehe ya juu nimeikadiria.

Sikujua kwamba anayesoma ni shemeji. Salamu, shemeji. Natumaini kikohozi ni cha kawaida. Nilitaka kuuliza tu, bila nia yoyote: hapo Homa Bay hakuna mtu mwingine anayejua kusoma? Nasikia mji umekuwa na wasomi wengi.

Kuhusu baraza la 1994, tutalizungumza wakati wake ukifika. Kila kitu na ukurasa wake. Tuendelee na masomo.

Ukurasa wa tisa ni nafasi. Mche na mche iachane hatua tatu. Watu hubana miti wakidhani wanapata mingi; wanapata fimbo. Ukurasa wa kumi na mbili: palilia miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu mche mchanga na nyasi hunywa katika kikombe kimoja. Ukurasa wa kumi na nne: miti ikianza kugombania mwanga, punguza. Toa iliyopinda, iliyodumaa na iliyogawanyika shina. Mimi kama mwalimu mkuu sikuruhusiwa kufanya hivyo darasani, lakini msituni ni halali. Ukurasa wa kumi na sita: chagua mahali penye udongo wenye unyevu, mti ukue haraka.

Ukurasa wa kumi na nane: kukata. Kabla ya kukata pata barua ya chifu na kibali cha afisa wa misitu. Tazama mti umeegemea wapi, upepo unatoka wapi, na njia yako ya kukimbilia iko wapi. Uangushe mti upande usio na nyumba, ng'ombe, wala jirani ambaye bado mnasalimiana.

Nikiwa hapo kwenye kukata: afisa wa misitu, bwana Angwenyi, alipita juzi. Ni mtu mpole mwenye kofia pana. Alifika pale kwenye shimo la chemchemi, akaitazama mikaratusi yangu iliyolizunguka, akaanza kupima kwa hatua. Nikamwambia Linet alete chai. Akapima tena. Nikamwambia Linet aongeze ndizi. Akaondoka ameshiba lakini hakuonekana mwenye furaha.

Kaka yako,
Jacktone


Homa Bay, 30 Machi 2025

Kaka,

Sisi wazima. Mvua imeanza, na ufuoni omena haziwezi kukauka, kwa hiyo wauzaji wote wamenuna. Maroa pia amenuna. Ndiyo maana barua hii imechelewa kutoka.

Masomo nimeyasikia. Nyangau alisoma ukurasa wa kumi na sita, kisha akasoma wa kumi na nane. Nikamwambia, "Rudi, umeruka." Akasema hajaruka. Nikamwambia, "Kaka yangu huwachapa watoto wakiruka nukta, aruke ukurasa mzima?" Akarudia kutoka juu. Wa kumi na saba haumo. Nyangau amekohoa hapo. (Ni baridi ya asubuhi tu. Mwandishi.)

Ukurasa wa kumi na saba unasemaje, Jacktone?

Na Angwenyi alikuwa anapima nini? Nakujua. Wewe humpi mgeni ndizi bila sababu.

Kuhusu msomaji mwingine, jirani yetu Marion anajua kusoma, lakini pia anajua kusema. Ukimsomesha barua asubuhi, adhuhuri wauza samaki wote wa pwani hii wanakuombea. Nyangau ndiye msomaji wangu. Ukiwa na la kuniambia, liambie sikio langu kupitia mdomo wake, kama wanavyofanya wakalimani wa kanisani.

Na ile hukumu ya wazee bado naingoja. Nina miaka sabini na sita. Sitaki kusimama peke yangu tena kwenye kaburi hapo kwetu, hata kama ni lako.

Monicah


Uriri, 22 Aprili 2025

BARUA HII ISISOMWE NA NYANGAU.

Dada yangu Monicah,

Pasaka imepita salama. Mbuzi hawajala kitu cha maana. Padre alikuja na mafuta, mara ya nne, nami nikamwomba kwanza anisikilize dhambi moja. Akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaniambia, "Mwalimu, Mungu atakusamehe hii leo jioni. Dadako sijui." Basi naandika.

Mwaka 1991 nilipewa kile kijitabu cha kijani, nakala moja kwa shule nzima. Nikaamua kukifundisha ukurasa mmoja kila wiki, kwa utaratibu, na kutenda kila tunachosoma. Wiki ya ukurasa wa kumi na sita tuliambiwa tuchague mahali penye unyevu. Penye unyevu kuliko kwenye chemchemi ya mama ni wapi? Jumamosi ile ile shule nzima ilipanda mikaratusi mia nane kuizunguka. Chifu alipiga makofi. Nikasimamisha kibao chenye jina langu kwa rangi nyeupe.

Jumatatu nikafungua ukurasa wa kumi na saba.

Umo humu ndani ya bahasha. Unasema mikaratusi isipandwe ndani ya mita thelathini kutoka chemchemi, mto au kisima, kwa kuwa hunywa maji mengi mno. Mimi, dada yangu, niliyewaambia watoto miaka thelathini na mitano, "Soma swali lote kabla ya kujibu"!

Ningeweza kuing'oa wiki ile. Ilikuwa na urefu wa kidole. Lakini kibao kilikuwa kimeshasimama. Nikauchana ukurasa, nikauficha ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye wimbo ambao kwaya yetu haiuwezi. Wiki iliyofuata nikafundisha ukurasa wa kumi na nane. Hakuna mtoto aliyeuliza.

Miti ikakua. Maji yakapungua, yakawa tope, yakaisha. Wazee wakauliza kuna nini. Na mwezi uliotangulia Nyangau alikuwa amekuja kututembelea, tope hadi magotini, kwa sababu gari lilikwama. Ni mimi niliyempa beseni. Ni mimi niliyemwonyesha kwa kidole, nikamwambia, "Shemeji, nenda pale juu ya chemchemi ukanawe miguu, mama hatakuona." Alinawa miguu tu. Lakini barazani, nikiwa na kipaza sauti cha shule mkononi, na kila mtu ananitazama mimi na miti yangu, nilisikia sauti inasema, "Mkwe ameoga." Ilikuwa sauti yangu. Miguu miwili ikawa mwili mzima. Kabla sijapata la kuongeza wazee walikuwa wameshakata shauri.

Nilijiambia nitasema ukweli mama akifa, asije akaaibika. Akafa, nikaona aibu mimi. Nikajiambia nitasema miti ikikomaa. Ikakomaa. Kila mwaka nilishika panga nikaenda, na kila mwaka nikarudi, kwa sababu nilijua nikikata, maji yatarudi, na yakirudi yatalitaja jina langu. Mtu wa miaka themanini na nne ameogopa maji ambayo hayapo.

Huo ndio msitu niliotaka kukuachia. Hakuna kibali cha afisa yeyote kinachoweza kuufanya uwe safi. Nimekosa kwako, nimekosa kwa Nyangau, na nimekosa kwa suti.

Jacktone


Homa Bay, 8 Juni 2025

Shemeji Jacktone,

Anayeandika ni mimi, Nyangau, kwa niaba yangu mwenyewe, kwa kuwa dada yako hajanipa neno la kuandika tangu mwezi uliopita. Hajanipa neno lolote, kusema kweli. Nazungumza na paka.

Nitakueleza ilivyokuwa. Maroa alileta bahasha. Nikafungua, nikasoma kwa sauti, "Barua hii isisomwe na Nyangau." Nikaikunja.

Monicah akasema, "Mbona umenyamaza?"

"Imenikataza nisiisome."

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

"Basi umeshatenda dhambi tayari. Endelea."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye beseni nilikohoa, lakini nilimaliza. Monicah alikunja mikono kama yuko ibadani. Kisha akasema, "Nisomee huo ukurasa wenyewe." Nami, shemeji, nikausoma wote, kutoka mita thelathini hadi nukta ya mwisho, vizuri kabisa.

Akaniuliza, "Paka yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko mezani."

Akapapasa kwa mkono, akamsukuma paka, akautoa ukurasa chini yake. Paka alikuwa ameukalia muda wote. Mimi nilikuwa nimeusema kwa kichwa.

Kwa hiyo na mimi naungama. Kijitabu kama chako ninacho tangu 1992. Niligawiwa kwenye maonyesho ya kilimo, mjini Kisii, kikiwa na kurasa zake zote. Nilipofukuzwa nilirudi nyumbani, nikakisoma, nikajua kosa ni la nani. Sikusema.

Utauliza kwa nini. Shemeji, nakuheshimu, lakini ukoo wenu una sherehe nyingi. Kuna harusi, kuna matanga, kuna kumbukumbu za matanga, kuna kumshukuru Mungu kwa kumbukumbu kuwa nzuri. Na mkwe ni nani humo? Mkwe ni mtu aliyefungwa tai saa saba mchana, haruhusiwi kushiba mbele za watu, haruhusiwi kucheka, haruhusiwi kwenda msalani bila kusindikizwa. Hukumu ya wazee iliponifikia nilihuzunika siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa harusi ya binamu yenu huko Rongo, nami nikalala nyumbani na redio. Nikaona hukumu si mbaya sana. Miaka thelathini sijavaa tai hapo kwenu.

Nilifurahia kila kitu nilichokosa, isipokuwa kimoja. Siku ya mazishi ya mama, nilipokuwa barabarani, niliona kanga ya Monicah kwa mbali katikati ya watu na hakuna mtu kando yake. Nilitaka kupiga kelele, "Ni miti! Ni miti yenu hiyo!" Lakini wangeniuliza kwa nini sikusema mapema. Wewe unajua swali hilo linavyofunga mdomo. Nikabaki na mwavuli ambao sikukumbuka kuufungua.

Wiki tatu sasa nimekula ugali na omena zisizo na chumvi. Nasikia wewe chumvi unaruhusiwa. Bahati yako.

Leo asubuhi amezungumza. Hii hapa hukumu yake, na amesema nisiongeze hata nukta:

"Mwambie Jacktone atasimama pale pale aliposimama, na kipaza sauti kile kile, aseme alichoniandikia. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi ikatwe yote. Maji yakirudi, Nyangau atapanda mikuyu mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, na mgongo wake asiutaje. Halafu nitausimamia msitu. Na nikifika hapo, ninyi wawili mtakaa mbali mbali kama watoto wanaoibiana majibu, maana ndivyo mlivyo."

Nimeandika kila neno.

Nyangau


Uriri, 19 Agosti 2025

Kwa Monicah, na kwa shemeji anayesoma,

Nawasalimu. Nina nguvu kidogo, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Nimetii. Kipaza sauti kilipatikana katika stoo ya shule, na buibui wake. Tarehe 26 Julai Linet alinisukuma kwa toroli hadi pale pale. Watu walijaa, kwa sababu uvumi ulikuwa umetoka kwamba Mwalimu anaaga. Nikasema yote, ukurasa, kibao, beseni, miguu. Kwa kuwa siisikii sauti yangu mwenyewe, nilisema kwa nguvu. Wanasema sokoni Uriri watu waliacha kupima nyanya.

Nilipomaliza, Maxwell alisimama. Yeye ndiye mzee pekee aliyebaki wa lile baraza, na fimbo yake akaielekeza kwangu. Akasema, "Mwalimu! Miaka thelathini nimekwenda mtoni na ndoo kwa sababu yako!"

Mke wake akasema, "Wewe? Ndoo ipi?"

Watu walicheka hadi Maxwell akakaa. Lakini mimi sikucheka, Monicah, kwa sababu nilitazama nikaona wanawake wote waliokuwa pale, na shingo zao. Kosa nililodhani nimewatendea ninyi wawili nilikuwa nimeliweka kichwani mwa kila mama wa kijiji hiki, kila asubuhi, kwa ndoo ya lita ishirini. Nikawaomba msamaha kwa kipaza sauti, kisha bila kipaza sauti. Wakashauriana. Wakaamua kila nyumba ichukue nguzo mbili za msitu wangu, wachague wenyewe, na mimi nisiseme ipi imenyooka. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza.

Bwana Angwenyi alileta kibali, chifu akaandika barua, na wakataji wakaja na misumeno. Siku sita. Mti wa kwanza ulipoanguka ulianguka juu ya kile kibao changu. Mkataji anaapa ni upepo. Namwamini, ingawa upepo haukuwapo.

Somo la leo, na hili halimo kitabuni, Angwenyi kanifundisha. Kisiki cha mkaratusi ukikikata ukakiacha, kinachipua mashina saba pale palipokuwa na moja. Inabidi ukimenye ganda hadi mzizini, kisha upite kila wiki ukivunja machipukizi. Nilimwambia naujua mmea huo. Nimeufuga mdomoni tangu 1994.

Sasa ile sababu ya nguvu zangu. Nimeagiza jeneza langu lichongwe kwa mikaratusi hiyo hiyo, ili nilale ndani ya nilichopanda. Fundi amepasua mbao, akazipanga kivulini, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite. Anasema mkaratusi mbichi hupinda. Jeneza lake linaweza kufunguka lenyewe watu wakiwa wanaimba. Lazima zikauke miezi sita. Kwa hiyo nimemwarifu padre kwamba sifi kabla ya Februari. Ameyarudisha mafuta kabatini.

Kaka yako,
Jacktone


Homa Bay, 5 Oktoba 2025

Kaka Jacktone,

Habari ya miti kukatwa imenifikia kabla ya barua yako. Marion aliisikia sokoni kutoka kwa Maroa. Pwani nzima inajua habari za beseni. Mwanamke mmoja wa kisiwa cha Remba, ambaye simjui, alinishika mkono akanipa pole na samaki mzima, mbuta.

Nimeanza kuzungumza na Nyangau. Nilianza kwa kumwambia asogee, ananizibia mwanga. (Nilisogea kwa furaha. Mwandishi.) Sasa tunazungumza kawaida. Amekusanya pakiti za maziwa kote mjini, ameotesha mikuyu arobaini nyuma ya nyumba. Kila jioni anachuchumaa kati yake, nasikia magoti yanalia. Mgongo hajautaja. Anautazama tu kwa sauti.

Mwaka huu sijui kama ninakuchukia au vipi. Nikikumbuka mazishi ya mama, ndiyo. Nikikuwazia kwenye toroli na buibui, nashindwa kabisa.

Niambie jambo moja tu. Lile shimo. Kuna kitu?

Monicah


Uriri, 23 Novemba 2025

Dada yangu Monicah, shemeji yangu Nyangau,

Linet ananishika pua bado, lakini siku hizi ni kwa mazoea. Mbuzi mapacha wamekua. Mmoja ameonja jeneza akatema.

Siku ya Jumatano Linet alikwenda kuvunja machipukizi, akarudi anakimbia, viatu vimelowa. Nikasukumwa. Monicah, pale palipokuwa na mdomo wa chemchemi, chini ya lile jiwe mama alilokuwa akiwekea mtungi, maji yanatoka. Ni membamba, upana wa kidole changu kidogo, yanatambaa polepole. Lakini yanatoka, nayo ni baridi. Niliyagusa. Nilingoja yanitaje. Yalipita tu.

Tukamwita Maxwell. Alitazama muda mrefu. Angwenyi akasema tusiwe na haraka. Mvua za vuli zimenyesha, na chemchemi hupimwa kiangazi. Maxwell akamwambia, "Bwana afisa, sisi mwaka ule tulisema 'maji yarudi.' Hatukusema yatoke wapi, wala kiasi gani." Angwenyi akauliza kama kidole kimoja ni maji. Hapo wakaanza kubishana, na kila mtu aliyepita akaongeza lake.

Mke wa Maxwell ndiye aliyewanyamazisha. Alikuja na sufuria, akaitega chini ya jiwe, akasema, "Yakipika chai ni maji. Yasipopika ni jasho." Tukakaa. Sufuria ilijaa kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu. Akawasha moto pale pale, kwa matawi ya mkaratusi. Akapika. Tukanywa, watu kumi na wanne, kila mmoja mafunda mawili. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kifua. Maxwell akafuta mdomo, akasimama na fimbo yake, akatangaza kwamba neno la wazee wa 1994 limekwisha.

Basi mwambie Nyangau aje. Najua itamsikitisha, maana harusi ya mjukuu wangu ni Desemba na ya pili ni Januari. Tai aje nayo. Aje na mikuyu arobaini, aje na wewe, na ile chai itamfaa kikohozi.

Lakini nina ombi. Mkiteremka barabarani, pale mvua imetengeneza tope zuri. Asilikwepe. Asifute kitu. Aje hadi langoni na miguu michafu kama siku ile. Nitakuwa hapo kwenye toroli na beseni lile lile. Linet amelipata, linahifadhi vitunguu. Safari hii simwelekezi kwa kidole. Nitamnawisha miguu kwa mikono yangu, mbele za watu, miguu tu. Angwenyi ameweka kigingi mita thelathini chini ya chemchemi, na hapo ndipo tutakapofanyia. Amekataza sabuni.

Kisha utapita na shemeji akushike mkono, akuonyeshe msitu wako, mti mmoja mmoja. Mimi nitangoja. Mbao za jeneza bado mbichi, na mimi pia.

Na usisahau kuja na ukurasa wa kumi na saba, hata kama paka ameula pembe. Nimenunua gundi.

Kaka yako,
Jacktone